Sambusa, chungwa, karoti au chapati: anayeanza kroshia afume kipi kwanza?

Vyakula vya kuchezea vinamfaa sana mtu anayeanza kufuma vitu vya kujaza pamba. Mwanasesere ana kichwa, mikono na miguu, kila kiungo kinashonewa mahali pake, na shingo ikienda upande kila mtu anaona. Karoti ikipinda bado ni karoti. Kazi yenyewe ni ya jioni moja au mbili, na mtoto atakitia kwenye sufuria yake bila kuuliza mistari ilikuwa mingapi.

Ila si kila chakula kinamfaa mwanagenzi. Maelekezo mengi yanamwanzishia mtu mpira wa duara moja kwa moja, kwa kuwa mtindo huu ulienea kutoka Japani kwa jina la amigurumi, na huko karibu kila kitu hujengwa kwa mizunguko inayoanzia kwenye nukta moja. Mimi nasema inategemea mkono wako umetokea wapi. Hujawahi kushika sindano ya kroshia? Fuma sambusa. Umekulia kwenye nyumba ya vitambaa vya makochi na unavifuma mwenyewe? Ruka sambusa, nenda kwenye chungwa. Karoti ni ya mtu mwenye haraka lakini ina mtego wake, na chapati nitaieleza ingawa siipendekezi kuwa ya kwanza.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane majina, maana kila mwalimu ana yake. Vyote vinne vinafumwa kwa fundo moja tu, ambalo hapa nitaliita fundo fupi. Una kitanzi kimoja kwenye sindano. Ingiza sindano kwenye fundo la mstari wa chini, kamata uzi, uvute utokeze. Sasa una vitanzi viwili. Kamata uzi tena, uvute upite ndani ya vyote viwili. Basi. Kuongeza ni kufuma mafundo mafupi mawili ndani ya fundo moja la chini. Kupunguza ni kuyaunganisha mawili yawe moja. Ukijua hayo pamoja na mnyororo wa kawaida, yaani kukamata uzi na kuuvuta upite ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano, tena na tena, huhitaji kingine, ila majani ya karoti yatataka fundo la kuteleza, nalo nitalieleza.

Sambusa

Inafumwa kama mraba bapa, inakunjwa kona kwa kona, inashonwa pande mbili, inajazwa. Hakuna duara la kuanzia, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Anza na mnyororo wa vitanzi 17. Ruka kile kilicho jirani na sindano, kisha fuma fundo fupi katika kila kitanzi kilichobaki, upate 16. Fuma kitanzi kimoja cha mnyororo, geuza kazi, rudi. Kila mstari uwe na mafundo 16, na uendelee mpaka umbo liwe mraba. Kwa mikono ya wengi hiyo ni mistari kati ya 17 na 20, kwa sababu fundo fupi ni pana kidogo kuliko lilivyo refu. Usitegemee kuhesabu mistari: kunja kona moja juu ya nyingine, kingo zikikutana sawasawa, umefika.

Sababu ya kuipendelea ni kwamba kosa linajitokeza palepale. Kazi ikiwa bapa mbele yako unaona kila fundo lilipokaa, na ukipoteza moja, ukingo unaanza kuingia ndani. Karibu kila anayeanza anapoteza fundo la mwisho wa mstari, kwa kuwa linalala na kujificha nyuma ya jirani yake. Anaona amefika mwisho, anageuza, na mstari unaofuata una 15, halafu 14, mraba unageuka kuwa pembetatu kabla ya wakati wake. Dawa ni ndogo: kila ukifuma fundo la kwanza la mstari, chomeka hapo pini ya usalama au kibanio cha karatasi. Ukirudi, usigeuze mpaka umefuma kwenye fundo lenye pini.

Kuna mahali pamoja ambapo anayependa hesabu atashtuka. Ukishakunja mraba kona kwa kona, upande wa juu wenye mafundo 16 unakutana na upande wa ubavuni wenye, tuseme, mistari 18. Haviwiani. Usifumue. Ukiwa unaunganisha kwa mafundo mafupi yanayopita kwenye tabaka zote mbili, ruka mstari mmoja mahali fulani, na mwingine mbele zaidi, hakuna atakayejua. Kwenye kona weka mafundo matatu mahali pamoja ili ichongoke. Bakiza mwanya wa vidole viwili, jaza, funga. Ukingo ulioungana hivyo unatuna kidogo, na kwa bahati njema ndivyo sambusa ya kweli inavyoonekana pale manda yalipobandikwa kwa ujiuji wa unga.

Kujaza ndiko kunakoharibu sambusa nyingi. Watu huishindilia pamba mpaka inavimba, na wakimaliza wana hamri. Tia kidogo, tena anza na kona tatu kwa ncha ya penseli, kisha katikati iwe nyepesi. Ukiibonyeza kwa kidole, ibonyee na kurudi polepole.

Udhaifu wake upo. Sambusa haikufundishi duara, na duara ndilo litakalokufikisha kwenye nyanya, limau na kila mnyama utakayemtamani baadaye. Inakupa mkono tu: namna ya kushika uzi, kukaza sawasawa, kulitambua fundo kwa macho. Kwa asiyejua kitu, hayo yanatosha kwa mara ya kwanza.

Chungwa

Hapa ndipo shule yenyewe ilipo. Unaanza na mafundo 6 kwenye duara dogo, na kila mzunguko unaongeza 6: 12, 18, 24, 30. Mzunguko wa pili unaongeza kwenye kila fundo. Wa tatu unafuma moja, unaongeza kwenye linalofuata. Wa nne unafuma mawili kisha unaongeza. Wa tano matatu kisha unaongeza. Halafu fuma mizunguko 5 ya mafundo 30 bila kubadilisha chochote. Kisha rudi ulikotoka: 24, 18, 12, jaza pamba, 6, funga. Ni mizunguko 14 na mafundo 300 kamili. Kwa uzi wa kati na sindano ya milimita 3 utapata tunda la upana wa sentimita 5 hivi, na uzi utakaotumia haufiki mita 15.

Mafundo 300 dhidi ya 288 ya sambusa ya mistari 18. Kwa wingi wa kazi vinalingana. Tofauti iko kwenye mambo ya kukumbuka kwa wakati mmoja. Anayefuma chungwa anahesabu, anaongeza, anahamisha alama ya mwanzo wa mzunguko, na wakati huohuo bado anajifunza kushika uzi. Kwa kuwa mizunguko haifungwi bali inapanda juu ya mwenzake mfululizo, alama ikichomoka hujui tena mzunguko umeanzia wapi. Kosa nalo halionekani. Linajificha kwenye mviringo mpaka mwisho, ndipo unagundua tunda lina kiuno.

Mwanzo ndio mgumu kuliko sehemu nyingine zote. Duara la kukaza, lile la kuzungusha uzi kidoleni, kufumia ndani yake, kisha kuvuta mkia mpaka tundu lifungike, linawatoa watu machozi. Ipo njia rahisi: fuma mnyororo wa vitanzi viwili tu, kisha tia mafundo mafupi 6 yote ndani ya kile kitanzi cha kwanza ulichofuma. Kinabaki kitundu kidogo katikati, ambacho kwenye chungwa ni faida, maana hapo ndipo utakapodarizi kikonyo. Duara la kukaza utajifunza siku utakapofuma kitu kisicho na kikonyo.

Halafu kupunguza. Ukiunganisha mafundo mawili kwa njia ya kawaida, linabaki tuta na pembeni yake kitundu kinachoonyesha pamba. Tazama juu ya fundo: lina nyuzi mbili zimelala kama herufi V. Ingiza sindano chini ya uzi wa mbele tu wa fundo la kwanza, na bila kuvuta chochote, chini ya uzi wa mbele wa fundo la pili. Kisha kamata uzi, vuta upite kwenye hizo nyuzi mbili za mbele, umalizie kama fundo fupi la kawaida. Tuta halionekani kabisa. Hili peke yake linabadilisha sura ya kazi kuliko uzi wa bei ghali.

Angalia pia upande uliopo nje. Upande sahihi una V zilizojipanga. Upande wa ndani una vijistari vya kulala. Kikombe kinachoanza kujijenga hupenda kujigeuza chenyewe, na watu wengi hufuma chungwa zima ndani-nje bila kujua. Sindano iwe inaingia kutoka nje kwenda ndani. Ikiwa inaingia kutoka ndani kuja nje, kigeuze kikombe kama unavyogeuza soksi, uendelee.

Kwa mtu wa vitambaa vya makochi, yote hayo ya kuhesabu na kuongeza anayajua tangu zamani. Kinachomsumbua ni kitu kingine. Kitambaa uzuri wake ni matundu. Mkono wake umefunzwa kulegeza, kufuma mafundo marefu, kuacha hewa. Kitu cha kujaza pamba kinataka kinyume chake, na mizunguko yake ya mwanzo itakuwa kama chandarua, pamba nyeupe ikichungulia. Asibishane na mkono. Achukue sindano nyembamba zaidi kwa nusu milimita, na kazi ikilegea bado, nusu nyingine. Ataona pia hamu ya kufunga kila mzunguko kwa fundo la kuteleza kama anavyofanya kwenye kitambaa. Aiache, kwa sababu kufunga kunaleta mstari wa kovu unaopanda kwa mshazari kwenye tunda.

Kuhusu rangi, usijilazimishe kutafuta rangi ya machungwa. Machungwa ya Muheza yanaliwa matamu kabisa yakiwa na ganda la kijani, na mtoto wa Tanga ukimpa tunda la rangi ya machungwa anaweza kukuambia hilo ni chenza. Kijani chepesi kinafaa vilevile. Kijani kizito kiache kwanza, kwa sababu za macho ambazo nitazieleza.

Karoti

Kwa mafundo ni nyepesi kuliko zote, 230 hivi, na inavutia kwa kuwa unaona urefu ukikua. Maelekezo mengi yanaanzia kwenye ncha: mafundo 4, tena 4, kisha 6. Hapo ndipo penye mtego niliousema. Mzunguko wa mafundo 4 ni mdogo hivi kwamba vidole havina pa kushika, na mwanagenzi hajui afume wapi kwa sababu kila tundu linafanana na jingine. Ni vigumu kuliko mwanzo wa chungwa, ingawa kwenye karatasi unaonekana rahisi.

Anzia juu, kwenye unene. Mizunguko mitatu ya kwanza ni ileile ya chungwa: 6, 12, 18. Fuma minne ya 18. Kisha punguza mafundo matatu kwa mzunguko mmoja upate 15, fuma miwili bila kubadili, punguza tena upate 12, miwili, 9, miwili, 6, mmoja, funga. Inatoka ya sentimita 8 hivi. Hasara ya kuanzia juu ni kwamba tundu la kujazia linazidi kuwa jembamba unavyoshuka, kwa hiyo usisubiri mwisho: ukifika kwenye 15 anza kutia pamba, na uongeze kidogo kila baada ya mizunguko michache.

Inasamehe sana. Ukikosea hesabu kwa fundo moja, karoti inapata uvimbe upande mmoja, na karoti za sokoni ndivyo zilivyo. Majani ndiyo yanayohitaji uangalifu. Fuma minyororo mitatu ya vitanzi 12, kila mmoja urudi nao kwa mafundo ya kuteleza (ingiza sindano, kamata uzi, uvute upite kwa mkupuo mmoja mpaka ndani ya kitanzi kilicho kwenye sindano), uishonee juu kwa uzi uleule. Yanapendeza, lakini ndiyo mtoto atakayoshikia karoti kila siku, na yakishonwa kwa mishono miwili yatang'oka ndani ya wiki. Pitisha sindano ya kushonea mpaka utokee upande wa pili wa karoti, rudi, rudia.

Kama mtu hawezi kuvumilia mraba bapa usio na sura yoyote mpaka mwisho, mpe karoti badala ya sambusa. Wapo watu wa hivyo. Atahangaika kwenye mizunguko miwili ya kwanza, kisha atafurahi.

Chapati

Chapati ni duara bapa, haina pamba. Inaonekana ndiyo rahisi kupita zote, na ndiyo maana wengi wanaianza. Kila mzunguko unaongeza mafundo 6, na ukifika mzunguko wa 10 una mafundo 60 kwa mzunguko mmoja na upana wa sentimita 9 au 10. Jumla ni mafundo 330, mengi kuliko chungwa, na hakuna kinachobadilika tangu mwanzo mpaka mwisho ila hesabu.

Ubaya wake ni kwamba haisamehi. Ukisahau kuongeza mara mbili tatu, kingo zinapanda juu. Ukizidisha, zinafanya mawimbi. Na hata ukihesabu kwa usahihi wote, ukiongeza mahali palepale kila mzunguko utapata chapati yenye pembe sita zinazoonekana wazi. Ili iwe duara kweli, sogeza mahali pa kuongezea: mzunguko mmoja ongeza mwishoni mwa kila sehemu, unaofuata ongeza katikati yake. Mambo hayo kwenye chungwa yanafichwa na pamba. Kwenye chapati yanalala mezani kila mtu ayaone.

Ila ukishafuma chungwa moja, ichukue. Alama za kahawia za kudarizi kwa mishono mifupi isiyo na mpangilio zinaifanya ivutie kweli, na inakunjika, kitu ambacho watoto wanakipenda.

Ndizi na donati niliziacha nje kwa makusudi. Ndizi inahitaji kuongeza upande mmoja na kupunguza upande wa pili ili ipinde, na donati ni bomba la kushonwa ncha kwa ncha pamoja na sukari ya juu ya rangi nyingine inayofumwa peke yake. Si kazi za kwanza, hata kama picha zake ndizo zinazokuvutia.

Uzi na sindano

Akriliki ya unene wa kati, rangi nyepesi. Hapo sina mjadala kwa mtu wa kwanza. Inanyumbuka, kwa hiyo mkono usio sawa haujulikani sana, ni rahisi, na inafumuliwa mara nyingi bila kuchakaa. Pamba inatoa mafundo yaliyo wazi na safi kuliko akriliki, na kitu cha pamba hakioti vinyweleo haraka, lakini hainyumbuki na inachosha vidole vya anayekaza kupita kiasi, na wanagenzi wote wanakaza kupita kiasi. Uzi wa manyoya laini kama mahameli, ule unaopendeza kwenye picha, uache kabisa: mafundo hayaonekani, unafuma kwa kupapasa, na ukitaka kufumua unapukutika. Nyeusi na kijani kizito vina shida hiyohiyo ya kutokuona, hasa usiku chini ya taa.

Madukani, Kariakoo kwa mfano, utakuta nyuzi nyingine hazina lebo. Choma kipande kidogo cha uzi juu ya sinki, ukikishika kwa koleo au kibano. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Pamba inaungua kama karatasi, inabaki jivu laini.

Lebo ikisema sindano ya milimita 4, wewe chukua 3 au 3.5. Lebo inafikiria sweta, si kitu cha kujaza. Sindano ya chuma yenye mpini wa mpira inagharimu zaidi kidogo na inafaa. Za plastiki nyembamba zinapinda mkononi mwa anayekaza.

Cha kujazia

Pamba nyeupe ya polyester, ile ya mito, inashinda. Unaweza kuitoa kwenye mto wa zamani ikiwa safi: ichambue kwa vidole kwanza, usiitie kwa mabonge. Sufi ya msufi, iliyojaza mito ya bibi zetu pwani, ni nyepesi na laini ajabu, lakini nyuzi zake ni telezi na zinapenya kwenye matundu ya kroshia, zinaruka hewani unapojaza, na ikilowa inashikana mabonge. Kama unayo bure na unataka kuitumia, itie kwanza kwenye kifuko cha kitambaa, kwa hiyo iende kwenye sambusa, ambayo kifuko chake ni pembetatu tu ya kushona. Chungwa halitakubali.

Mabaki ya vitambaa yanafanya chungwa liwe na manundu, lakini mabaki ya uzi yaliyokatwakatwa mafupi yanafaa kwenye karoti. Maharage na mchele usitie. Vinaleta wadudu, havifuliki, na mshono ukiachia mtoto ana kitu cha kutia puani.

Mtoto ni wa umri gani?

Hili lingepaswa kuulizwa kabla ya rangi. Marekani, kitu cha kuchezea cha mtoto wa chini ya miaka 3 hakiruhusiwi kuwa na kipande kinachoingia chote ndani ya mcheduara wa kipimo wenye kipenyo cha milimita 31.7. Nyumbani tumia lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha. Ni pana zaidi ya hapo, kwa hiyo ni kipimo kikali zaidi. Kinachopita humo, asipewe mdogo. Chungwa la mafundo 30 halipiti. Sambusa haipiti. Karoti ya mafundo 18 inapita kwa ncha, kwa hiyo kwa anayetia kila kitu mdomoni mpe chungwa.

Macho ya plastiki ya kubana kwa nyuma yanauzwa kama ya usalama, lakini kwenye kitu cha kufumwa tundu linaweza kutanuka na jicho likatoka. Kwa wadogo darizi kwa uzi mweusi. Au usiweke macho kabisa. Mtindo wa Kijapani unapenda kukipa kila chakula uso na tabasamu, nami sina ugomvi nao, ila sambusa inayokutazama wakati unataka kuila ni jambo la kufikiria mara mbili.

Baada ya sambusa

Uliyeanza na sambusa utabaki na uzi wa rangi ya asali. Usinunue mwingine bado. Fuma nao kaimati: 6, 12, 18, 24, mizunguko minne ya 24, kisha 18, 12, jaza, 6, funga. Ni chungwa lililofupishwa, unajifunzia duara kwa kitu ambacho hata kikiwa na kiuno hakuna atakayeshangaa, maana kaimati hutoka kwenye mafuta na sura zake zenyewe. Ni ndogo, upana wake haufiki sentimita 4, kwa hiyo ni za mtoto aliyevuka miaka 3. Ukifuma tatu utakuwa tayari kwa chungwa, na bakuli la mtoto litakuwa na kitu.